Pini ya Kilima Nundu

Siku ya kuniaga, vijana wa kikosi cha upimaji walinipa kipaza sauti. Nilisema ahsante, nikakaa. Wiki iliyofuata wawili wao walinifuata nyumbani Katindiuka, wakasema hawakuridhika. Walitaka nieleze kazi ilivyokuwa kabla ya vyombo vya setilaiti na droni. Niliwaambia kwamba mimi si msemaji, lakini nitaandika.

Vyeo na mishahara nimeviacha. Vimo vyote kwenye faili langu, na sijawahi kuona mtu akisoma faili kwa kupenda. Nitaandika zaidi habari za kilima kimoja kidogo, na za mtu aliyenifundisha kupanda mawe. Mambo mengine ya kazi hii niliyapata vitabuni. Hayo mawili hayamo kitabuni.

Nilianza kama kibarua mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na elimu ya darasa la saba. Sokoni Ifakara nilinunua kitabu cha hesabu cha sekondari kisicho na jalada, nikajifunza pembetatu peke yangu kwa miezi minane. Kurasa za majibu zilikuwa zimechanwa, labda na muuza karanga. Hilo lilinisaidia, maana kila hesabu nililazimika kuifanya mara mbili kwa njia mbili tofauti ili nijue kama nimepata.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Teodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe, pamoja na miguu yake mitatu ya mbao. Utepe wa chuma. Mapanga. Bendera nyeupe yenye mstari mwekundu. Kioo cha kunyolea, ambacho ndicho kilikuwa simu yetu. Juu ya vilima vingi vya bonde hili, wapimaji wa zamani walikuwa wamechomeka pini za chuma kwenye mwamba na kuandika mahali zilipo. Ukitaka kupima chochote huku chini kwa uhakika, lazima mtu apande mpaka kwenye pini, asimamishe bendera juu yake, ndipo mpimaji aliye bondeni aielekeze darubini kwenye bendera. Kwa hiyo usahihi wa ramani ulitegemea miguu ya vibarua. Wahandisi waliosoma hawakupenda kulisema hilo.

Mpandaji wetu mkuu alikuwa Mzee Damasi, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mwembamba, aliyekaribia miaka sitini. Nilikutana naye siku yangu ya kwanza kazini, karibu na Chita. Alikuwa katikati ya jiwe lililosimama kama ukuta, urefu wa nyumba mbili, peku, na teodolaiti mgongoni. Hakuibeba kwa mikanda ya sanduku lake. Alikuwa ameifunga kwa kitenge cha mkewe, kama mama anavyombeba mtoto, kwa sababu mikanda huachia mzigo uyumbe na kitenge huufanya mzigo kuwa sehemu ya mgongo.

Nilimsalimia kutoka chini: shikamoo mzee. Hakujibu. Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakujibu, wala hakugeuka. Wenzangu walicheka, nami nikaamua moyoni kwamba huyu mzee ana majivuno. Tukazunguka kwa njia ya vichakani, tukamkuta juu baada ya nusu saa. Alikuwa amekwisha kuishusha teodolaiti na kuifunika. Alifuta viganja kwenye suruali, akanigeukia.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

Kisha akanieleza. Salamu humfanya mtu ageuze shingo. Shingo ikigeuka, kiuno hufuata, na kiuno kikihama huuvuta mguu. Akasema kwenye jiwe hakuna mkubwa wala mdogo, salamu zote zinasubiri tambarare. Nimewafundisha hilo vibarua wote niliowahi kuwasimamia, na kila mwaka kulikuwa na mmoja aliyeniona sina adabu.

Nilijifunza kwake kwa kumtazama. Kabla ya kukamata jiwe aliligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana jiwe lililoachana na mwamba hulia kama debe tupu. Alihamisha kiungo kimoja tu kwa wakati, vitatu vingine vikiwa vimeshika. Hakuvuta mwili kwa mikono. Alisukuma kwa miguu, mikono ikimweka tu karibu na jiwe, na alipofika juu hakuwa akihema zaidi ya mtu aliyetoka kisimani. Viatu alivivaa shingoni, vimefungwa kwa kamba zake. Alisema kidole gumba cha mguu kina akili kuliko soli. Mimi nimesoma kidogo habari za neva tangu wakati huo, na sioni pa kumpinga.

Lakini kanuni yake kubwa haikuhusu kupanda. Ilihusu kugusa. Ukifika juu, alisema, usiamini rundo la mawe hata kama ni zuri. Mawe hupangwa na wawindaji, na warina asali, na watu wasio na kazi. Ondoa mawe, chimba, weka kidole chako kwenye chuma. Ishara zetu za kioo zilifuata kanuni hiyo. Mmweko mmoja maana yake nimefika juu. Miwili maana yake nimegusa pini. Mpimaji hakuandika chochote kabla ya miwili.

Sasa nifike Nundu. Ni kilima cha mawe nyuma ya kijiji kimoja mbele ya stesheni ya Mbingu, mahali milima inapoanza kuinuka kutoka kwenye mashamba ya mpunga. Ramani ilikipa namba tu. Wenyeji walikiita Nundu kwa sababu ukikitazama kutoka mtoni kinafanana na nundu ya ng'ombe. Kukipanda ni saa mbili na nusu, kwa hiyo si mlima wa kujivunia. Tulitumwa huko kufufua mpaka kati ya ardhi ya kijiji na msitu wa hifadhi. Bikoni za katikati, yaani zile alama za zege, zilikuwa zimepotea. Zilibaki alama mbili za mwisho: bikoni moja mtoni, na pini juu ya Nundu. Mpaka ulikuwa mstari ulionyooka kati ya hizo mbili.

Mkuu wetu alikuwa mpimaji aitwaye Bwana Kessy, mtu mkimya, msafi, aliyeandika namba kwa wino tu. Tulipiga kambi kwenye uwanja wa mjane mmoja, Mama Leonsia. Tulimpa mchele na maharage, naye alitupikia. Alikuwa na nyumba ya tofali za kuchoma, shamba la mpunga lililokuwa limeiva wakati huo wa mwezi wa sita, kaburi la mumewe lenye msalaba wa saruji, na juu kidogo, kwenye mteremko wa kilima, kipande cha mahindi aliyoyachelewesha. Hayo yote yalikuwa chini ya Nundu kabisa. Kila mtu kambini alijua kwamba mstari utapita mahali fulani karibu na huyu mama, na kwamba bwana misitu amekwisha kutangaza: atakayekutwa ndani ya hifadhi atavuna na kuhama.

Wiki hiyo Mzee Damasi alishikwa na malaria, akapelekwa Ifakara kwa treni. Bwana Kessy aliniuliza kama naweza Nundu peke yangu. Nilikuwa nimepanda mawe mengi kwa miaka miwili. Nilisema naweza, na nilikuwa na haraka ya kusema hivyo.

Nilipanda asubuhi. Ukungu ulikuwa umekaa juu, na upande wa milimani mvua ilikwisha anza kusikika kwenye majani. Nilifika mahali pa juu palipo wazi, nikakuta rundo la mawe lililopangwa vizuri sana, urefu wa kiuno. Nyuma yake palikuwa na ukungu mtupu. Nilimulika mara moja, jua lilipopenya kidogo. Nikaondoa mawe mawili ya juu. Radi ikapiga. Nikafikiri jinsi jiwe nililopandia litakavyokuwa likilowa, nikafikiri kwamba rundo zuri namna hii haliwezi kuwa la mwingine ila wapimaji. Nikachomeka bendera katikati ya mawe, nikamulika mara mbili.

Nimeandika sentensi hiyo ya mwisho mara kadhaa nikitafuta namna ya kuipunguza. Haipungui.

Bwana Kessy alielekeza darubini kwenye bendera yangu, na kwa siku tatu tulifyeka mkuza, ile njia nyembamba inayoonyesha mstari, kutoka mtoni kuelekea kilimani. Siku ya tatu mkuza ulipita mbele ya mlango wa Mama Leonsia. Nyumba, kaburi, mpunga wote na mahindi yote vilibaki upande wa msitu. Mimi mwenyewe nilikata mgomba wake mmoja uliokuwa kwenye njia.

Mchana huo alitupakulia kama kawaida. Akatuwekea maji ya kunawa, akasema, "Kuleni, wanangu, mmefanya kazi." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningekula.

Mzee Damasi alirudi keshokutwa yake, amekonda zaidi, na mfuko wa dawa. Jioni nilimkuta anakunywa uji, nikaketi, nikaanza kueleza nilivyopanda Nundu, nikiwa nimekusudia kufika polepole kwenye lile jambo. Hakunipa nafasi ya polepole. Alikuwa amewahi kupanda huko miaka ya nyuma.

"Kwenye ukuta mweusi," akaniuliza, "ulishikia kulia au kushoto?"

"Ukuta upi, mzee?"

Akaweka kikombe chini. Akanitazama muda, si kwa hasira, kama anayesoma ramani.

"Umegusa?"

"Hapana."

Alinieleza kwamba Nundu ina vilele viwili. Cha mbele ndicho kinachoonekana kutoka mtoni. Cha nyuma kimejificha nyuma ya bega lake la upande wa msitu, kipo juu zaidi, na huwezi kukifikia bila kupita ukuta wa jiwe unaotoa maji. Rundo nililoliona ni la warina asali, waliojikinga upepo wakipika. Nilimuuliza kati ya vilele hivyo kuna hatua ngapi. Akasema kama themanini, kwenda pembeni, upande wa milimani. Nilipiga hesabu kichwani pale pale. Kwa kuwa nyumba ya Mama Leonsia ilikuwa karibu na kilima, mstari ungehama kwake hatua zisizopungua sabini, yaani upana wa ekari moja. Nilisema kwa furaha kwamba basi shamba lake litapona.

Mzee Damasi hakupenda furaha hiyo. "Hatupandi kumtafutia mama shamba," akasema. "Tunapanda kutafuta pini. Ikimtoa, imemtoa. Na kwanza nenda ukamwambie Bwana Kessy. Jiwe halipandwi ukiwa na uongo mgongoni."

Nilikwenda. Bwana Kessy alikuwa ananakili vipimo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitabu, akafuta kalamu yake kwa kitambaa, pande zote.

"Umenifanya niandike uongo kwa wino," akasema.

Kibarua huondolewa kwa neno moja, na nilikaa nikilisubiri. Halikuja. Alisema tu kwamba kesho atakuwa mtoni tangu saa mbili asubuhi akingoja kioo, na kwamba habari zangu zitafuata baada ya pini.

Tulipanda wawili. Mzee Damasi alitangulia, siku chache tu tangu homa imwachie, akipumzika kila mara tulipofika kwenye kivuli, bila kuona haya. Saa tatu na nusu tulipita rundo langu. Hakulitazama. Nyuma yake, pale nilipoona ukungu mtupu, palikuwa na bonde dogo la majani, na ng'ambo yake ukuta mweusi, haujasimama wima kama ngazi lakini umesimama kuliko paa, ukimeremeta maji kwa chini.

Alivua viatu, akavining'iniza shingoni. Akalifunga sanduku la nyundo na patasi kwa kitenge. Kisha akasimama mbele ya ukuta kwa muda ambao ungetosha kuvuta sigara, akiusoma kutoka juu hadi chini, akionyesha kwa kidole hewani mahali mguu utakapokwenda, mkono utakapokwenda. Nimeona watu wenye shahada wakianza kazi bila hata robo ya utaratibu huo. Alipoanza, hakusimama wala kurudia hatua. Mwili uliotetemeka kwa homa juzi ulikwenda juu ya jiwe kama maji yanayorudi nyuma. Sijui namna nyingine ya kulieleza, na mimi si mtu wa mifano.

Mimi nilifuata alama zake mpaka katikati. Hapo palikuwa na nafasi moja ya mguu, upana wa vidole vitatu, na mahali pa kushika pakiwa mbali kidogo kuliko nilivyopenda. Nilibana jiwe kwa mikono, nikainua visigino ili nirefuke. Goti la kushoto likaanza kutetemeka lenyewe. Nilitazama chini, jambo ambalo si kosa, kisha nikabaki nikitazama, jambo ambalo ni kosa. Nilimwona kwa mbali Mama Leonsia, au mtu mwingine mwenye khanga nyekundu, akianika mpunga upande wa msitu.

Mzee alikuwa amelala kifudifudi ukingoni juu yangu, akiniangalia. Hakunipa mkono, maana mkono ungetuangusha wote wawili. Hakusema jikaze.

"Shusha kisigino," akasema.

Nilishusha kisigino. Goti likatulia. Kisigino kikiwa chini uzito hukaa kwenye mfupa, na kikiwa juu hukaa kwenye msuli, na msuli huchoka. Nililipata jibu hilo miaka mingi baadaye kwenye kitabu cha mwili wa binadamu. Yeye alilipeleka kwa maneno mawili, kwa mtu wa kulihitaji, kwa wakati wake. Nikavuka.

Kilele cha nyuma hakikuwa na rundo lolote. Mawe yalikuwa yametawanyika na majani yameota. Kwa dakika kadhaa niliamini kwamba pini haipo, na kwamba nitashuka kumwambia Bwana Kessy kwamba mara hii nimesema kweli na hakuna cha kuonyesha. Tulianza pembeni tukafyeka kwa mistari, kila mmoja upande wake. Mimi ndiye niliyeona mahali ambapo udongo ulikaa kama sahani kwenye jiwe. Nilikwangua kwa panga, halafu kwa vidole, ukucha mmoja ukatoka nusu. Chini kulikuwa na chuma chekundu kwa kutu, chenye msalaba uliochongwa kichwani.

Niliweka kidole. Mzee Damasi akaja, akapiga magoti, akanisogeza mkono, akaweka chake.

"Si kwamba sikuamini," akasema. "Hata mimi nikigusa, nataka mwingine aguse."

Akanipa kioo. Nilimulika mara moja. Nilipotaka kumulika tena mkono ulinigomea, nikamtazama, naye akageukia upande mwingine na kuanza kuvaa viatu, kwa maana kwamba hilo ni langu. Nikamulika mara ya pili. Kutoka mtoni mwanga ulijibu. Tukaisimamisha bendera juu ya pini, mlingoti ukiwa mrefu wa kutosha kuonekana juu ya bega la nundu ya mbele.

Mkuza mpya ulichukua siku mbili. Ulipita nyuma ya nyumba ya Mama Leonsia, nyuma ya kaburi, nyuma ya mpunga. Lakini haukupita nyuma ya mahindi. Kipande chote cha mteremko, zaidi ya nusu ekari, kilibaki msituni. Nilihakiki hesabu mara mbili kwa njia mbili, nikitaka kwa dhati kukosea. Sikukosea.

Bwana Kessy aliomba mwenyekiti aitishe mkutano. Alieleza mstari mpya kwa kifupi, kisha akasema kibarua Fideli ana neno, akaketi. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na sijapata kuona iliyopimwa vizuri zaidi. Nilisimama mbele ya watu wasiopungua mia, nikaeleza vilele viwili, rundo la mawe, mvua, na ile mimweko miwili. Mzee mmoja wa nyuma akasema kumbe tulitaka kuhamishwa na mtu aliyeogopa kulowa. Watu walicheka sana. Mwingine akauliza kama serikali hainunui miavuli. Nilisubiri wamalize.

Mama Leonsia alinyoosha mkono. Hakuuliza kuhusu nyumba. Aliuliza ni nani aliyegusa mara hii. Nikasema mimi, na Mzee Damasi. Akataka nimwonyeshe mkono. Nilisogea, akaukamata, akautazama ule ukucha, akaukagua kama anavyokagua mchele kabla ya kuupika.

"Pale kwenye mahindi," akasema, akiwa bado ameushika, lakini akizungumza na mkutano, "marehemu alikuwa akiniambia si petu. Nililima kwa sababu sijawahi kuona mtu anapanda huko kuangalia."

Bwana misitu akaandika kitu. Mwenyekiti akafunga mkutano.

Kesho yake asubuhi tulikuwa tunakunja mahema. Mama Leonsia alikuja na sufuria kubwa kichwani, mvuke ukitoka, akaitua katikati ya vyombo vyetu na kufunua. Ilijaa mahindi mabichi ya kuchemsha, yale ya mteremkoni, aliyoyavuna alfajiri. Bwana Kessy alisimama, hakujua afanye nini na mikono yake.

"Kuleni," Mama Leonsia akamwambia. "Ni mahindi ya serikali."

Mzee Damasi akachukua la kwanza, akalipuliza, akala. Bwana Kessy akavua miwani, akala la pili akiwa amesimama. Mimi nilibaki nyuma ya wote, nikikunja hema lililokuwa limekwisha kunjwa, mpaka Mama Leonsia alipochagua moja yeye mwenyewe, kubwa, akalifunga kwa ganda lake lisiniunguze, na kuniletea.